Usiulize Watafungwa Ngapi: Mwongozo wa Shabiki wa Raundi za Mwanzo

Sheria ya kwanza inaanza kazini, mchana, kabla hujashika hata nauli. Mwenzako akisikia unakwenda Chamazi usiku kuitazama Simba au Yanga ikicheza na timu ya daraja la chini kwenye Kombe la FA, atauliza, "Watawapiga ngapi?" Usimjibu. Hata kwa utani usitaje idadi. Anayetaja tano mchana anakwenda uwanjani kuhesabu, na anayehesabu haoni mpira. Bao la kwanza likichelewa hadi dakika ya 30 ameshatoa simu, dakika ya 60 anamtukana kocha, dakika ya 80 yuko getini anapatana bei na bodaboda. Mtu huyo amekata tiketi, amepanda magari mawili, amekula foleni ya Mbagala, na mechi hakuiona.

Kombe lenyewe tunaliita la FA mpaka leo, ingawa wadhamini wamelipa majina yao: lilifufuliwa msimu wa 2015/16 likiitwa Azam Sports Federation Cup, na tangu 2024 ni CRDB Bank Federation Cup. Utamu wake uko kwenye mpangilio. Ligi Kuu ni timu 16 zinazojuana kwa sura na kwa harufu. Kombe hili linachota chini zaidi: Championship, First League, hadi timu za mikoani ambazo basi lao ni Coaster ya kukodi. Hizo zinaanza kuchujana zenyewe kwa zenyewe, kisha vigogo wanaingia, na kuanzia hapo droo haiheshimu ukubwa wa mtu. Mechi ni moja, marudiano hakuna. Kwa Simba au Yanga hiyo ni kazi ya katikati ya wiki, baina ya safari moja ya Afrika na nyingine. Kwa kijana wa First League ni usiku ambao kamera zitamwonyesha nchi nzima kwa mara ya kwanza, na mama yake kule Songea au Kahama amehamia kwa jirani mwenye king'amuzi tangu magharibi. Weka jambo hilo kichwani kabla hujatoka nyumbani, maana mengine yote yanalitegemea.

Toka mapema. Chamazi si Kariakoo. Mpira ukianza saa 1 usiku, mtu wa Posta aliyeondoka saa 11 jioni atasikia bao la kwanza kwenye redio ya dereva, akiwa Mtoni kwa Azizi Ali, na hatakuwa na wa kumlaumu. Fuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala Rangi Tatu, halafu tafuta gari la Chamazi au Mbande. Kadi ya tiketi iwe na salio tangu nyumbani. Konda atakuuliza timu yako kabla hajakuuliza nauli. Mwambie ukweli, kwa sababu safari ya kwenda Chamazi ndiyo sehemu ya mwisho ambapo wa Msimbazi (Simba) na wa Jangwani (Yanga) wanabanana kwenye kiti kimoja wakitaniana bila kununiana, na utani huo nao umeulipia.

Chakula hakina mjadala mrefu. Muhogo wa kukaanga wenye kachumbari na pilipili uule nje, umesimama, ukiwa bado wa moto. Karanga ziingie nawe ndani. Ila karanga usizimalize kipindi cha kwanza! Matuta yakija mikono itahitaji kazi, na hakuna kinachomtuliza shabiki kwenye penalti ya nne kama kumenya kitu.

Sasa kiti. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo ninaposisitiza kuliko kwingine. Mashabiki wa timu kubwa wataifuata ngoma, wakae ilipo. Wewe kipindi cha kwanza kaa mbali na ngoma. Azam Complex, uwanja wenyewe wa Chamazi, inabeba watu wapatao 10,000, na kwenye raundi za mwanzo majukwaa hayajai. Kwa hiyo utapata kitu ambacho Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, hauwezi kukupa siku ya dabi. Utawasikia wachezaji. Utamsikia kipa akipanga ukuta wake kwa majina. Utasikia "Mtu! Mtu!" kiungo akiwa amegeukia golini kwake na adui anakuja mgongoni. Utasikia "Panda!" na utaona mstari wote wa nyuma ukipanda hatua nne kwa pamoja, na kama mmoja amechelewa utasikia pia alichoambiwa. Anayetazama kwenye televisheni anamsikia mtangazaji. Wewe unaisikia timu inavyojiongoza, na ndani ya robo saa utajua nahodha wa kweli ni nani, hata kama kitambaa kimefungwa mkono wa mwingine.

Ukishachagua upande, sogea walipo watu wa timu ndogo. Utawatambua upesi: ni wachache, wamekaa pamoja, wamevaa nguo za kawaida kwa sababu jezi za kuuza klabu haina. Hao ni shemeji, wadogo, mchumba, kocha aliyewafundisha wakiwa shule ya msingi, na mzee mmoja mwenye kofia anayejua historia ya klabu tangu ilipokuwa ya mtaa. Salimia kwanza, shikamoo kwa anayestahili shikamoo, kisha uliza: "Mama, yule namba nane anaitwa nani?" Kama umeangukia mama yake, utapewa jina la kijana, jina la baba yake, shule aliyosoma, goti aliloumia na dawa iliyomponya. Sikiliza yote. Mtangazaji wa uwanjani atayasoma majina yao mara moja, harakaharaka, na magazeti ya kesho yatataja mmoja tu, yule aliyefunga au aliyejifunga. Ukiondoka Chamazi unajua majina matano ya timu ambayo asubuhi hukuijua, umeutumia usiku wako vizuri.

Na majina yana faida ya mpira pia. Fainali ya 2022 pale Arusha, Yanga na Coastal Union zilitoka 3-3, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, Sopu. Yanga ilichukua kombe kwa penalti, lakini waliokuwa uwanjani walirudi nyumbani wakimzungumzia Sopu, na muda si mrefu Azam ikamsajili. Kombe hili ndilo soko ambalo kijana asiye na wakala anajiuza mwenyewe, mbele ya macho yako. Inafaa uwepo.

Mpira ukianza, usitazame mpira peke yake. Timu kubwa itaumiliki, hilo linajulikana. Kuutazama ukipigwa pasi za pembeni kwa dakika 20 ni kujichosha. Tazama mistari miwili ya timu ndogo, mabeki wanne na viungo wanne. Wanavyohama kushoto na kulia kwa pamoja ni kama wavuvi wanaovuta juya: mmoja akilegea, samaki wote wanatoka. Watu wataita hiyo kupaki basi na watazomea. Usizomee. Kukaa nyuma kwa mpangilio dakika 90 mbele ya washambuliaji wa kulipwa kutoka nchi nne ni kazi ngumu kuliko kushambulia, na inafundishwa jioni baada ya jioni kwenye kiwanja chenye vumbi na vigingi vya mawe. Pima umbali kati ya mstari wa mbele na wa nyuma. Ukiona umekuwa mkubwa, kiasi kwamba kiungo wa Simba au Yanga anapokea pale katikati na kugeuka bila kuguswa, bao linanukia. Mara nyingi hutokea kati ya dakika ya 60 na ya 75, pumzi inapokata. Hapo ndipo utajua kocha wao alifanya mazoezi ya nini mwezi mzima.

Kuna suala la kipa kulala. Kipa wa timu ndogo atalala. Atadaka krosi nyepesi, atadondoka, atashika paja. Mara ya kwanza mvumilie, pengine kweli kabanwa msuli. Mara ya pili mtazame daktari wao anavyotembea kuingia uwanjani, utajua. Mara ya tatu simama umpigie kelele refa, tena kwa sauti yote, kwa sababu mchezo una dakika 90 na hata mnyonge hana haki ya kuziiba. Naipenda timu ndogo, lakini naupenda mpira zaidi.

Mechi ya namna hii usiiweke kwenye mkeka wa kubeti. Najua inashawishi, timu kubwa, ushindi wa wazi, mechi ya kujazia. Ila mkeka unakubadilisha macho. Ukiwa na hela kwenye ushindi wa Yanga, yule namba nane uliyeambiwa jina lake na mama yake anageuka kuwa mtu anayekuzuia kula, na utaanza kumwombea akosee mbele ya mzazi wake. Hakuna pesa ya mkeka inayolipa hilo. Tena mikeka mingi ya Desemba imechanwa na mechi hizihizi.

Desemba 2017, hapahapa Chamazi, Simba iliingia ikiwa bingwa mtetezi wa kombe hili na ikatoka sare ya 1-1 na Green Warriors, timu ya jeshi kutoka madaraja ya chini. Yakaja matuta. Simba ikatolewa, na siku hazikupita kocha Joseph Omog akaondolewa kazini. Mwaka mmoja baadaye ikawa ajabu zaidi. Tarehe 23 Desemba 2018 Simba iliifunga Nkana ya Zambia 3-1 jijini Dar es Salaam, Clatous Chama akamalizia mwishoni mwa mchezo, na Mnyama akatinga makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mji haukulala. Siku tatu baadaye, tarehe 26, klabu hiyohiyo ilifungwa 3-2 na Mashujaa ya Kigoma, nayo timu ya jeshi, ambayo Ligi Kuu ilikuwa bado inaisikia redioni. Simba hiyo ilikwenda kucheza robo fainali ya Afrika msimu uleule na ikachukua ubingwa wa Ligi Kuu. Kombe la FA ililiacha Desemba.

Nimesikia maelezo mengi kuhusu mechi ile ya Mashujaa, mengine ya kamati za ufundi na mayai yaliyozikwa. Maelezo ya kweli yako wazi kwa anayetaka kuona. Timu kubwa iliyotoka kushinda mechi ya maisha siku tatu nyuma inapumzisha watu. Wanaoingia ni wazuri mmojammoja ila hawajacheza pamoja. Timu ya jeshi inakimbia kila alfajiri, mishahara ya wachezaji wake haitegemei mapato ya mlangoni, na hakuna beki anayefikiria mechi ya Jumamosi. Weka juu yake kwamba mmoja amekuja kumaliza kazi na mwingine amekuja kucheza mechi ambayo atawasimulia wajukuu. Mashujaa, kwa taarifa yako, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 na sasa inawakaribisha vigogo kwake, Uwanja wa Lake Tanganyika.

Na tazama kilichofuata msimu ule Green Warriors walipomng'oa bingwa mtetezi. Mwisho wa safari, Juni 2018, fainali ilichezwa Arusha kati ya Mtibwa Sugar na Singida United. Mtibwa ikashinda 3-2. Tangu kombe lifufuliwe mpaka 2025, huo ndio mwaka pekee lilipotoka nje ya Yanga, Simba na Azam. Walioshangilia Manungu, nyumbani kwa Mtibwa, mwezi wa sita walikuwa na deni kwa vijana wa jeshi waliopiga matuta Chamazi mwezi wa kumi na mbili. Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba raundi ya mwanzo ina uzito sawa na fainali, na mara nyingine inauzidi: fainali inamtaja bingwa, raundi ya mwanzo inaamua nani atabaki na ndoto. Fainali zenyewe TFF imezitembeza vizuri, Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga, hadi Zanzibar, na nawapongeza kwa hilo. Lakini ukisubiri fainali ifike mkoani kwako, mara nyingi utawakuta vigogo walewale unaowaona kila wiki.

Turudi uwanjani. Mara nyingi, niseme ukweli, timu kubwa itashinda. Itakuwa 3-0 au 4-0, pumzi ya wageni imekwisha, na jukwaa litaanza kutoka dakika ya 75. Kaa. Dakika hizo za mwishoni ndizo za thamani kwa anayejua kutazama. Vigogo wamelegea, kocha ameingiza vijana wa timu B, na timu ndogo inagundua kwamba inaweza kuvuka nusu ya uwanja. Wakipata bao la kufutia machozi, simama. Shangilia kwa nguvu hata kama jezi uliyovaa ni ya wapinzani wao; mwenye kukuzomea mwache azomee. Utaona benchi zima likikimbia, kipa akitoka golini kwake mita 80, na wale watu wachache uliokaa nao wakikukumbatia wewe usiyewajua. Bao la nne la Yanga halimkumbatishi mtu na mgeni.

Matuta yakija, acha kukaa. Penalti haitazamwi kwa makalio. Usizibe uso na usigeuke: kijana anayetembea kutoka katikati hadi kwenye kitone, hatua zile zote peke yake, anastahili macho yako yote, awe wako au wa wenzako. Mtazame kipa kabla ya mpigaji. Kipa wa daraja la chini anayemtazama mshambuliaji wa mamilioni usoni na kucheka ameshinda nusu ya kazi. Karanga sasa, tumia.

Timu yako kubwa ikitolewa, fuata utaratibu. Piga makofi kwanza, kisha lalama. Utaratibu huo ni muhimu na usiugeuze, maana makofi yaliyotanguliwa na matusi hayasikiki. Wapigie wale vijana makofi hadi wamalize kuzunguka uwanja, kwa sababu hawatarudi Chamazi wakiwa hivyo tena. Raundi inayofuata wanaweza kukutana na Azam wakafungwa, na wanalijua hilo, ndiyo maana wanalia. Kocha wako umjadili kwenye gari. Simu usizime. Watani watapiga usiku huohuo, na aliyewatania wenzake msimu mzima ana wajibu wa kupokea. Cheka, kubali, waulize wao walitolewa mwaka gani.

Timu yako ikishinda, usimtanie hata mmoja wa watu wa timu ndogo. Utani ni wa wanaolingana ubabe. Mtani wako yuko Jangwani au Msimbazi. Mama wa namba nane si mtani wako. Mwambie kijana wake amecheza. Kama hakucheza vizuri, mwambie amekimbia, na kwa hakika atakuwa amekimbia.

Kabla hujakimbilia barabarani, zunguka hadi linapopaki basi lao. Wachezaji watatoka wameoga, mabegi begani, wengine wameshika viatu mkononi. Mtafute meneja wa timu, ni yule anayehesabu watu mlangoni na kushika mfuko wa maji, umuulize mechi yao ya ligi inayofuata ni lini na uwanja gani. Atashangaa, kisha atakutajia tarehe bila kuangalia popote. Ni saa 10 jioni, karibu kila mara, kwa sababu viwanja vyao havina taa. Kiingilio ni kidogo na mahali pa kukaa utachagua mwenyewe. Iandike tarehe hiyo kwenye simu palepale akiwa anakuona. Halafu ukimbie, maana magari ya kurudi Rangi Tatu usiku yanajaa upesi na wenye ngoma wameshatangulia.